Picha Kutoka Juu ya Paa: Kunasa Televisheni ya Ridhaa Butembo na Beni

Televisheni ya ridhaa ni picha zinazorushwa hewani na watu wasio na kituo cha biashara wala cha serikali. Ni mwalimu, fundi umeme, daktari, mzee mstaafu au mwanafunzi, mwenye leseni ya redio ya ridhaa na hamu ya kuona kama picha yake itafika mbali. Mazungumzo ya leo yanahusu namna mtu wa Butembo, Beni, Lubero au Kirumba, katika Kivu ya Kaskazini, anavyoweza kuzinasa picha hizo, kwa vifaa gani, na akitazama upande gani wa anga.

Anayeketi kuzitazama asitegemee mpira wala filamu. Kinachotokea kwenye skrini mara nyingi ni uso wa mtu chumbani kwake, rafu ya vyombo vya redio nyuma yake, kadi yenye alama yake ya mwito (herufi na namba za kumtambulisha hewani), au kamera iliyogeuzwa dirishani ili wengine waone theluji ya kwao. Utamu wenyewe uko katika kuinasa ishara dhaifu na kuifanya iwe picha. Je, ishara hizo zinafika Kivu ya Kaskazini? Zinafika. Moja kati yake inashuka juu ya mapaa ya Butembo mchana na usiku, na dishi lililoelekezwa vizuri linaipata.

Kuna aina mbili za televisheni ya ridhaa, na zinafaa kutenganishwa tangu mwanzo. Ya kwanza ni picha ya polepole: picha moja iliyotulia, inayopita hewani kwa umbo la sauti. Ya pili ni picha kamili, inayotembea na kusema, kama ya kituo chochote cha televisheni. Ya polepole inahitaji redio na simu. Ile kamili inahitaji dishi, LNB (kile kichwa cha kupokelea kilicho mbele ya dishi) na uvumilivu. Maelezo yataanza na ya polepole, kwa kuwa ndiyo rahisi.

Picha ya polepole ilibuniwa Marekani mwaka 1957 na kijana aliyeitwa Copthorne Macdonald, katika Chuo Kikuu cha Kentucky. Televisheni ya kawaida ilihitaji njia pana sana ya mawimbi, ambayo wanaredio wa ridhaa hawakuwa nayo katika masafa ya mbali. Macdonald akaamua picha isiharakishwe. Badala ya picha nyingi kwa sekunde, alirusha picha moja yenye mistari 120 kwa sekunde nane, ikapita katika njia ile ile inayobeba sauti ya mtu akiongea. Ilitazamwa kwenye kioo cha rada, kile ambacho mwanga wake hukawia kuzimika, ili mstari wa juu uwe bado unaonekana wakati wa chini unachorwa.

Siku hizi kioo cha rada kimeachwa, lakini kanuni ni ile ile. Mlio mnene unawakilisha giza, mlio mwembamba unawakilisha mwanga, na mlio mfupi ulio chini zaidi ya yote hutangaza kwamba mstari mpya unaanza. Anayesikiliza kwa sikio hupata mluzi wenye kupanda na kushuka, na mdundo unaojirudia. Programu ya simu inayousikiliza mluzi huo huichora picha mstari kwa mstari, kuanzia juu, kama mkeka unavyofumwa.

Ni wapi mluzi huo unapatikana? Mahali pa kwanza ni mawimbi mafupi. Wanaredio wa dunia nzima hukutana kwenye megahezi 14.230 kupeana picha, na mawimbi hayo husafiri kutoka bara hadi bara. Kikwazo ni kwamba redio ndogo ya mawimbi mafupi, ile ambayo watu walizoea kupokelea habari za Kiswahili kutoka London au Washington, haiwezi kuusoma mtindo huo wa utangazaji. Inatakiwa redio yenye uwezo wa upande mmoja wa mawimbi, ambayo kwenye swichi zake huandikwa herufi SSB. Pasipo swichi hiyo, kinachosikika ni mkoromo tu.

Mahali pa pili ni pazuri zaidi kwa anayeanza: Kituo cha Kimataifa cha Anga, kinachozunguka dunia kwa urefu wa kilometa 400 hivi, na kuimaliza duara moja kwa saa moja na nusu. Mara kadhaa kwa mwaka, wanaanga hufungua mtambo wa redio ya ridhaa uliomo ndani na kuuacha urushe picha kwa siku kadhaa mfululizo. Siku hizo hutangazwa mapema na ARISS, umoja unaosimamia redio ya ridhaa katika kituo hicho. Picha huwa za kumbukumbu: Yuri Gagarin aliyeruka Aprili 1961, vyombo vya anga vya zamani, michoro ya watoto wa shule. Pembeni huwa na alama ya mwito, mara nyingi RS0ISS.

Masafa ni megahezi 145.800, kwa mtindo wa FM. Yarudiwe kwa aliyekuwa anatafuta kalamu: mia moja arobaini na tano, nukta mia nane. Redio ya FM ya nyumbani haifiki huko, maana yenyewe inaishia kwenye 108. Redio za mkononi, zile ambazo watu wengi wa Kongo huziita motorola hata kama si za kampuni hiyo, nyingi hufika. Jambo la redio hizo lina tahadhari yake, na tahadhari hiyo itakuja baadaye kidogo.

Sasa mtu anafanyaje hasa? Anapata kwanza saa ya kituo kupita juu ya eneo lake. Zipo programu za simu zinazokokotoa hilo. Zikishapewa data mpya kwenye intaneti, huendelea kufanya kazi kwa siku kadhaa hata mtandao ukikatika. Programu humwambia kituo kitachomoza upande gani, kitapanda hadi wapi na kitazama wapi. Pito zuri, linalokaribia utosini, halizidi dakika kumi hivi. Kwa nchi ya milima jambo hili lina uzito wake: aliye bondeni hupoteza dakika za mwanzo na za mwisho, kwa kuwa kituo kingali nyuma ya kilima. Kupanda kwenye mgongo wa kilima, au angalau kutoka nje ya nyumba yenye paa la bati, huongeza muda wa kusikia.

Antena fupi ya mpira inayokuja na redio hunasa, lakini kwa shida. Waya mbili za shaba, kila moja ya sentimita 49 hivi, zikinyoshwa kwenye mstari mmoja huku moja ikiungwa kwenye kiini cha kebo na ya pili kwenye wavu wake, tayari ni antena bora kuliko hiyo. Wanaotaka zaidi hutengeneza antena ya kuelekeza kwa bomba la plastiki na vipande vya utepe wa chuma wa kupimia, ule wa waashi. Ni mtindo unaopendwa na wanaredio wa kila nchi kwa kuwa vifaa vyake havikosekani dukani. Butembo, mji wa wafanyabiashara wanaofuata mzigo Dubai na Guangzhou, una vifaa hivyo kwa wingi.

Kabla kituo hakijachomoza, kizima kelele cha redio (squelch) hufunguliwa kabisa, ili redio ikorome wakati wote. Wengi huliruka hili. Kikiachwa kinafanya kazi, redio hukata sauti kila ishara inapodhoofika, na picha hutoboka. Simu huwekwa karibu na spika, programu kama Robot36 ikiwa imewashwa. Mwanzoni kunakuwa na mkoromo mtupu, na skrini inajaa chengachenga. Kisha mkoromo unatulia ghafla, mluzi unajitokeza, programu inaitambua aina ya picha yenyewe, na ukanda wa rangi unaanza kushuka kutoka juu. Picha moja ya aina inayotumiwa sana na kituo hicho huchukua dakika mbili, na baada yake kuna mapumziko ya dakika mbili. Kwa hiyo pito moja huleta picha mbili, pengine tatu, na mojawapo huanzia au kuishia nusu.

Picha iliyopokelewa ina historia ya dakika zile mbili. Penye ukanda wa chengachenga, mkono ulichoka na antena ikageuka. Penye mstari uliovunjika, mtu alizungumza karibu na simu au pikipiki ilipita, maana simu inasikia kila kitu. Picha ikiwa imeinama kuelekea upande mmoja, saa ya ndani ya simu haiendi sawasawa na ya mtambo uliorusha. Programu nyingi zina kitufe cha kunyoosha. Masafa nayo hucheza kidogo. Kituo kikija, ishara husikika juu kidogo ya 145.800, na kikiondoka husikika chini yake, kwa sababu ya mwendo wake wa zaidi ya kilometa saba kwa sekunde. Redio ya FM huvumilia tofauti hiyo, ingawa mwenye subira huanza kwenye 145.805 na kumalizia kwenye 145.795.

Ndani ya kituo hicho picha kamili nayo ilijaribiwa. Mtambo ulioitwa HamTV ulifanya kazi kuanzia 2014, na Februari 2016 mwanaanga Mwingereza Tim Peake aliutumia kuonekana mubashara mbele ya wanafunzi wa shule moja ya Uingereza. Mwaka 2018 mtambo uliharibika, ukarudishwa duniani kutengenezwa.

Hapo mazungumzo yanafika kwenye aina ya pili, picha kamili. Na hapa ndipo mtu wa Butembo ana bahati ambayo mwenzake wa Ulaya hana.

Kwa kawaida televisheni ya ridhaa ya ardhini hurushwa kwenye masafa yasiyopenda milima. Ili ipokelewe, mtumaji na mpokeaji lazima karibu waonane. Uingereza kuna chama cha televisheni ya ridhaa tangu 1949, na vituo vya kurudishia picha juu ya vilima. Mahali pasipokuwa na mtumaji wa jirani, njia hiyo imefungwa, na hakuna antena itakayoifungua. Kinachobaki ni setilaiti.

Tarehe 15 Novemba 2018 Qatar ilirusha setilaiti yake iitwayo Es'hail-2, kutoka Florida, Marekani. Kazi yake kuu ni televisheni za kibiashara, lakini ndani yake kuna mitambo miwili iliyotengwa kwa wanaredio wa ridhaa, matunda ya ushirikiano wa Waqatari na chama cha Kijerumani cha AMSAT-DL. Mitambo hiyo ilifunguliwa kwa watu wote Februari 2019, ikapewa jina la QO-100. Mmoja ni mwembamba, wa sauti na maandishi. Wa pili ni mpana, na ni wa televisheni tu. Hiyo ndiyo setilaiti ya kwanza ya ridhaa iliyosimama mahali pamoja angani, bila kuchomoza wala kuzama, na eneo lake linaanzia Brazil hadi Thailand. Afrika yote imo ndani.

Je, imesimama wapi? Juu ya ikweta, karibu na nyuzi 26 za mashariki. Butembo iko nyuzi 29 na kitu za mashariki, na mstari wa ikweta wenyewe unapita kati ya Butembo na Lubero. Maana yake ni kwamba setilaiti hiyo iko karibu kabisa na utosi: nyuzi 86 kutoka upeo, wakati nyuzi 90 ndiyo wima kamili. Bochum, Ujerumani, ambako AMSAT-DL ina mitambo yake, setilaiti hiyo hiyo huonekana chini, kwenye nyuzi zisizofika 30, na jengo la jirani linatosha kuiziba. Butembo, kwenye kitongoji chochote cha Bulengera au Vulamba, hakuna kilima wala mti unaoweza kuiziba, isipokuwa ule uliosimama juu ya dishi lenyewe.

Bahati hiyo ina usumbufu wake: karibu kila mwongozo uliopo umeandikwa kwa ajili ya Ulaya, na maagizo yake yakifuatwa Butembo kama yalivyo, hakuna kitakachonaswa. Mwongozo husema dishi litazame kusini. Huku haliwezi kutazama kusini. Mafundi wa huku nao wana mazoea yao: madishi mengi ya Canal+ yameelekezwa magharibi, kwa mwinuko wa nyuzi 31 hivi, kwa kuwa setilaiti yake iko mbali juu ya Atlantiki. Fundi aliyezoea hivyo hulitilia shaka dishi linaloambiwa litazame mawinguni.

Kwanza, dishi lenyewe. Dishi la sentimita 80 au 90 linatosha, na lile la zamani lililoachwa ukutani baada ya usajili kuisha linafaa kabisa. Madishi ya namna hiyo huwa na LNB iliyowekwa chini badala ya katikati, na uso wake huangalia chini ya mahali linapopokelea kwa nyuzi 25 hivi. Basi, ili lipokee kwenye nyuzi 86, uso wake unainamishwa kana kwamba unalenga nyuzi 61. Kwa macho linaonekana limekosea, lakini liko sawa. Brakiti nyingine hukwama kabla ya kufika hapo. Nguzo ikilazwa kidogo, brakiti hupata nafasi. Dishi la duara kamili lenye LNB katikati, ambalo kweli hutazama juu kama sufuria, hujaa maji ya mvua, kwa hiyo hutobolewa tundu dogo chini kabisa.

Upande wa kuelekea ni magharibi. Kwa Butembo ni magharibi hasa. Beni, iliyo kaskazini ya ikweta, huongeza kidogo kuelekea kusini. Kirumba, iliyo kusini yake, huongeza kidogo kuelekea kaskazini. Lakini karibu na utosi, kosa la upande halidhuru sana. Kosa la mwinuko ndilo linalopoteza ishara. Timazi ya mwashi ni kipimo kizuri cha kuanzia.

Pili, LNB, na hili ndilo linalowashinda wengi. Picha za QO-100 hushuka kwa mawimbi ya ulalo, na mwongozo wa Ulaya humwambia mtu apeleke volti 18 kwenye LNB ili kuyachagua. Ulalo huo, hata hivyo, ni ulalo wa setilaiti: mawimbi yanayumba kutoka mashariki kwenda magharibi, sambamba na ikweta. Ulaya, dishi likitazama kusini, mashariki na magharibi viko kushoto na kulia, na kila kitu kinaenda sawa. Butembo, dishi likiwa limeegemea magharibi, mstari huo wa mashariki na magharibi unakuwa wa juu na chini machoni mwa LNB. Ulalo umegeuka wima. Fundi ana njia mbili: kuizungusha LNB robo ya duara na kubaki na volti 18, au kuiacha ilivyo na kupeleka volti 13. Asiyelijua hili anaweza kulizungusha dishi kutwa nzima, huku LNB ikiwa imeuchagua upande usio na kitu.

Tatu, masafa. Kuna ishara elekezi inayorushwa saa zote, ambayo ndiyo ya kutafuta kwanza. Iko kwenye megahezi 10491.5. Simbo reti yake, yaani kasi ya kurusha data, ni 1500, kwa mtindo wa DVB-S2 wa televisheni ya setilaiti. Irudiwe: masafa 10491 na nusu, simbo reti 1500. Ikinaswa, huonyesha video inayojirudia kuhusu mradi wenyewe, na jina la huduma ni A71A, alama ya mwito ya Qatar. Watumaji wengine hukaa juu ya hapo, hadi 10499, na simbo reti zao huwa ndogo zaidi.

Kwa nini basi dekoda ya kawaida ya chaneli za bure haioni kitu hata dishi likiwa sawa? Kwa sababu ya hesabu ndogo ndani ya LNB. LNB ya kawaida hutoa 9750 kwenye masafa inayoyapokea, kisha hupeleka yaliyobaki chini kwenye kebo. Kwa ishara elekezi yanabaki 741 na nusu. Dekoda nyingi husikiliza kuanzia 950 kwenda juu. Ishara imefika hadi nyuma ya dekoda, na dekoda haisikilizi chini kiasi hicho. Zipo chache zinazoshuka chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi yake, kwa hiyo kujaribu hakudhuru, lakini kuitegemea bahati hiyo si ufundi.

Njia ya uhakika zaidi ni kijiti cha USB cha kupokelea redio kwa kompyuta, kile kinachoitwa RTL-SDR, ambacho bei yake haizidi dola 50. Kinashuka hadi 741 bila tatizo, na upana wake unatosha kwa ishara elekezi. Kwanza hutumika kama jicho: kwenye skrini ya kompyuta ishara huonekana kama kilima kipana chenye kichwa bapa, na dishi husogezwa polepole hadi kilima hicho kipande juu kadiri kinavyoweza. Kisha programu ya kufungua DVB-S2, kama SDRangel, huigeuza kuwa picha, kama kompyuta ina nguvu ya kutosha. Wale waliobobea hutumia kipokezi cha MiniTiouner, alichokibuni Mfaransa Jean-Pierre Courjaud, ambacho husoma hata simbo reti ndogo ambazo dekoda za dukani hazizijui.

Hapa kuna hatari moja. LNB hulishwa umeme kupitia kebo ile ile ya picha. Volti 18 zikirudi kwenye kijiti cha USB, kijiti kimekufa. Wanaojua huweka spliti yenye mlango mmoja tu unaopitisha umeme: mlango huo huenda kwenye dekoda yoyote iliyowashwa, ambayo kazi yake inabaki kuilisha LNB, na mlango usiopitisha umeme huenda kwenye kijiti. Kabla ya kuchomeka, ncha ya kebo hupimwa kwa mita. Isome sifuri.

Ishara ikishapatikana, nini huivuruga? Umeme wa nyumbani ndio wa kwanza. Inveta za bei rahisi, vidhibiti chaji vya sola na baadhi ya taa za LED hutoa kelele inayoingia hasa kwenye masafa ya 145, yale ya kituo cha anga. Anayepokea picha ya polepole hufaidika akizima inveta kwa dakika kumi zile na kutumia betri tupu. Dishi haliathiriki sana na kelele hiyo. Adui yake ni mvua. Hata hivyo ishara inayoshuka wima hupita katika mvua kwa njia fupi, karibu nusu ya njia ya ishara inayokuja kwa mshazari kutoka magharibi. Ishara za ridhaa ni dhaifu, kwa hiyo nafuu hiyo si ndogo.

Na kuna siku ambazo jua lenyewe hupita nyuma ya setilaiti. Kwa walio kwenye ikweta hutokea karibu na tarehe 20 Machi na 22 Septemba, kwa siku chache, jua likiwa karibu na utosi. Muda wake ni kati ya saa sita na saa sita na nusu mchana. Picha hukatika kwa dakika kadhaa, kwa kuwa jua nalo ni chanzo cha mawimbi ya redio, na dishi haliwezi kuvitenganisha. Asiyejua huanza kulegeza nati. Anayejua huacha kila kitu kilivyo.

Imebaki ile tahadhari iliyoahidiwa. Kupokea na kutuma ni mambo mawili. Kutuma kwenye masafa ya ridhaa kunataka leseni na alama ya mwito, ambayo kwa Kongo huanza na 9Q, na mamlaka inayosimamia mawasiliano ni ARPTC. Dishi na kijiti cha USB havitumi chochote. Redio ya mkononi inaweza kutuma, hata mwenyewe asipokusudia, na katika jimbo lililo chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, mtu aliyesimama juu ya kilima na motorola na antena ya kuelekeza hatachukuliwa kuwa mpenda anga. Wanaomwona wakiingiwa na hofu, wana sababu zao: watu wamepoteza wapendwa wao. Busara ni kutumia kipokezi tu, kile kijiti cha USB, ambacho pia kinafika 145.800 na hakina kitufe cha kutuma. Na kazi ifanyike uani nyumbani, mchana, baada ya shefu wa kata kuonyeshwa kinachofanyika, tena pamoja na picha zilizokwisha kunaswa. Shuleni, chini ya mwalimu wa fizikia, ni bora zaidi. Mahali ambapo risasi zinasikika, kama ilivyokuwa Kirumba katikati ya 2024, jambo hili lote lisubiri.

Picha ya kituo cha anga ikipatikana, huweza kupelekwa kwa ARISS kupitia intaneti pamoja na saa na mahali iliponaswa, na kwa matukio mengi mpokeaji hurudishiwa cheti. Haitakiwi leseni kwa hilo, wala picha haitakiwi kuwa safi. Kwa QO-100, upo ukurasa unaoonyesha mtambo mpana ulivyo saa hiyo hiyo, kutoka Goonhilly, Uingereza: vilima vikionekana kando ya ishara elekezi, kuna mtu anarusha. Hapo mpokeaji wa Butembo husoma masafa na simbo reti, huviandika kwenye kipokezi chake, na kusubiri sura ya mtu itokee.